Siku Nyakwiri Ilipozima Simu

Ukitaka kumjua Ogola, mtazame akipokea mgeni. Mwenyekiti huyo wa ufuo wa Nyakwiri, kijiji kilichojificha nyuma ya kilima, safari ya boti kutoka Luanda Kotieno, hakuwahi kumkalisha mtu kwenye kiti kabla ya kukipangusa kwa kiganja chake mwenyewe, hata kama kiti ni safi na mgeni ni muuza viberiti tu. Ujana wake aliumalizia katika hoteli moja mjini Kisumu, akibeba sinia mchana kutwa kisha akirudi kulala katika chumba cha kupanga mtaani Kaloleni. Alipostaafu alirudi nyumbani na koti jeupe la kazi pamoja na msemo aliofunzwa na mpishi mkuu: mgeni haonyeshwi jikoni. Huko jikoni sahani zivunjike, wapishi watukanane, mchuzi uungue. Mlango wa ukumbini ukifunguka, weita anatoka akitabasamu.

Msemo huo ulimfaa miaka mingi. Laiti angeuacha huko hotelini.

Aliishi na mjukuu wake, Debra. Mama yake Debra, binti pekee wa Ogola, alikuwa amefariki, na baba alikuwa mtu wa kusikika tu kwamba yuko mahali. Mtoto alikuwa darasa la tatu, mwembamba, macho yana umanjano kidogo, na mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko umri wake. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomshika mtu mifupani ghafla mpaka anauma shuka. Siku alizokuwa mzima alichukua kifuniko cha sufuria, akakisimamisha juu ya ncha za vidole, akamletea babu yake chai huku ameinua kidevu.

"Karibu mezani, bwana mkubwa," alisema.

"Kiwiko ndani, nyakwara," Ogola alimkaripia mjukuu wake kwa lugha ya nyumbani, kwa ukali wa uongo. "Weita wa kiwiko nje humwagia watu supu."

Sasa, simu za kawaida hazishiki Nyakwiri. Kilima kinakata mawimbi, na anayetaka kupiga simu lazima apande mpaka kwenye jiwe fulani la juu, ajikunje upande wa kusini, aombe Mungu. Kila Debra aliposhikwa, mtu alitumwa kilimani kuitisha msaada, na barabara yenyewe ni mitaro mitupu. Mara moja walikuwa karibu kumpoteza. Kwa hiyo shirika moja lilipotangaza kwamba litaziunganisha zahanati za ufuoni na hospitali kubwa kwa mtandao mpya wa kompyuta, Ogola alihudhuria kila mkutano akiwa ndani ya lile koti jeupe, mpaka maofisa wakaanza kumsalimia kabla hajaketi.

Mtandao ukaja. Dishi moja likafungwa kileleni, jingine juu ya paa la zahanati, na ndani, ukutani, ikawekwa skrini ambayo kwayo Milka, muuguzi pekee wa pale, aliweza kuonana na daktari aliyekuwa hospitalini uso kwa uso. Nafasi ya mtandao ambayo zahanati haikuihitaji waliachiwa wanakijiji waitumie bure kwenye simu zao. Na walitumia. Kinyozi alionyesha mpira, vijana walipakua filamu, na akina mama waliokuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, waliongea kwa video na wana wao walioko Nairobi mpaka omena wakaliwa na ndege.

Mwezi wa kwanza tu, Debra akashikwa. Daktari alimtazama kwenye skrini, akamwelekeza Milka dawa gani, maji ya mshipani kiasi gani, na jioni mtoto aliomba samaki. Ogola alitoka nje, akasimama nyuma ya zahanati, akalia kwa furaha bila kujificha. Kuanzia siku hiyo hapakuwa na kitu alichokiamini kuliko lile dishi. Milka naye, akiwa ameagizwa hivyo, alizoea kwamba mtoto kama yule hahamishwi kabla daktari hajasema neno.

Kisha ikaja habari kwamba kabla shirika halijaupokea mtandao rasmi, injinia atatumwa aupime utendaji wake: kasi yake, unavyobeba mzigo, unavyochelewa. Mtu mwingine angesikia hivyo akaendelea na shughuli zake. Ogola alisikia neno kupima tu.

Msimlaumu mapema. Miaka ya nyuma mradi mwingine ulileta Nyakwiri mashine ya kupozea samaki. Wakaguzi walipokuja kuona inavyofanya kazi, walikuta magamba kila mahali na paka amelala juu yake usingizi wa mchana. Mashine ilibebwa ikapelekwa ufuo mwingine, na paka akabaki. Kwa Ogola, basi, ukaguzi ulikuwa mtihani, na anayeshindwa hunyang'anywa. Safari hii hawangechukua friji. Wangechukua pumzi ya Debra.

Asubuhi ya ukaguzi alipita kijiji kizima na kipaza sauti cha kamati ya ufuo.

"Wageni wanakuja kuangalia mtandao. Kila mtu azime simu. Kinyozi, funga hiyo televisheni. Mtandao wakiupata uko safi, watatuachia."

Metrine, muuza omena mwenye asili ya Bungoma aliyefuata biashara ziwani akasahau kurudi, alisimama mlangoni mikono kiunoni. Alikuwa jirani yake Ogola na hakuwahi kumeza neno.

"Mwenyekiti, sasa tukizima sisi wote, huyo mtu si atapima hewa? Mficha uchi hazai, Mzee."

"Mama, wewe wakwe wakikutembelea, nguo zako za ndani unaziacha kwenye kamba?"

Watu wakacheka. Metrine mwenyewe akacheka, akazima simu yake, akaitia kifuani. Kijiji kikatulia. Mtu aliyeifahamu Nyakwiri angedhani kuna maombolezo.

Injinia aliitwa Walubengo, kijana mstaarabu wa huko magharibi, naye aliishi Kaloleni, mtaa ule ule wa ujana wa Ogola. Walipogundua hivyo, yeye na Ogola wakawa ndugu hapo hapo. Debra alimletea soda juu ya kifuniko cha sufuria, kiwiko ndani, na injinia akasimama kuipokea kwa mikono miwili. Kisha akafungua laptopu yake, akaiunganisha na kisanduku cha mtandao kilichokuwa chini ya skrini, akaanza kazi. Mistari ya vipimo ikapanda kwenye kioo, ikanyooka, ikabaki imenyooka.

"Mzee, hii ni safi sana," akasema. "Nilidhani nitapata msongamano. Watu wa hapa wanatumia hivi kila siku?"

Hapo ndipo mlango wa jikoni, kwa msemo wake, ulipogongwa. Ogola alikuwa na nafasi ya kuufungua. Alimtazama Debra aliyekuwa akihesabu meno yake kwa kujitazama kwenye chupa ya soda, akatabasamu lile tabasamu la ukumbini.

"Kila siku, Bwana Injinia. Watu wetu hawana mambo mengi."

"Basi hakuna haja ya kuwasumbua. Ningeona mzigo mkubwa, ningetenga njia ya zahanati peke yake, wengine wapite kando. Lakini kwa matumizi haya, iko sawa ilivyo. Inatosha."

Kati ya maneno yote hayo, Ogola alilisikia la mwisho tu. Inatosha. Wamefaulu. Akaagiza kuku aliyekuwa amekwisha kuchinjwa tangu alfajiri aletwe. Na injinia naye, tusimpambe, alikuwa na safari ya kurudi Kisumu na harufu ya kuku puani. Hakuuliza siku ya soko ni ipi. Alikula, akashukuru, akasindikizwa hadi kwenye boti, na ripoti yake ikasema ukweli mtupu wa kile alichokiona.

Miezi ikapita salama. Debra alishikwa mara moja tena, siku ya katikati ya wiki, na daktari alionekana vizuri. Ogola alikuwa akiwaambia watu kwamba kijiji chake kina daktari ukutani.

Akafa mwalimu mkuu mstaafu wa Nyakwiri. Mzee yule alikuwa amefundisha nusu ya wilaya, na wanawe walitawanyika, wengine ng'ambo. Mtu kama huyo hazikwi kimya kimya. Hema zikasimamishwa, fahali wakachinjwa, na wanawe walioshindwa kusafiri wakaomba mazishi yapeperushwe laivu ili nao wamwone baba akishuka kaburini. Mwenye ruhusa ya mtandao alikuwa mwenyekiti. Ogola hakufikiria mara mbili. Wafiwa ni wageni wa kifo, na mgeni hanyimwi.

Jumamosi hiyo alivaa koti jeupe akawa mpokezi mkuu. Debra alikuwa ameamka na joto kidogo, akaachwa kwa Metrine, ambaye alisema angekwenda mazishini baadaye. Mchana, uwanja ulijaa watu hadi wa Kombewa na Kisumu. Kamera ilikuwa juu ya miguu yake, mafundi wakiielekeza kwenye jeneza, na kila aliyekuwa na simu alikuwa ameinyanyua, akituma picha, akipokea pole, akiwaonyesha walioko mbali nani amekuja na nani hakuja.

Katika ule mkondo mwembamba wa mawimbi uliotoka zahanati kwenda kilimani, yote hayo yalikuwa yakipita pamoja.

Metrine aliona midomo ya Debra imepauka. Akamfunua nguo akaona upande wa kushoto wa tumbo umevimba, umekaza. Hakuita mtu. Alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Milka aligusa lile tumbo, akajua kwamba ni wengu umejaa damu, na kwamba jambo hilo halingoji. Akaipiga simu ya skrini. Duara likazunguka. Uso wa daktari ukatokea, ukaganda ukiwa umefumba jicho moja, ukapotea. Duara likazunguka tena.

Na hapa ndipo mtu anataka kupiga meza ngumi. Mtandao uliokufa kabisa ungemwokoa mtoto yule. Wangejua umekufa, wangetuma mtu kilimani kwenye lile jiwe, wangemtia mtoto kwenye boti yoyote yenye injini. Lakini huu ulikuwa nusu hai. Kila walipotaka kuondoka, uso wa daktari ulirudi, ukasema nusu ya neno, nao wakabaki wamesimama wakingoja nusu iliyobaki.

"Kimbia kwa Mwenyekiti," Milka akasema hatimaye. "Mwambie hiyo kamera izimwe. Simu pia. Zote."

Metrine alimkuta Ogola kando ya meza kuu na kumnong'oneza sikioni. Ogola alikwenda moja kwa moja mbele, mpaka nyuma ya askofu aliyekuwa akihubiri, na pale akasimama. Mikono nyuma, mgongo umenyooka, kama alivyosimama maisha yake yote nyuma ya viti vya watu, akingoja mkubwa amalize sentensi yake. Askofu alimaliza sentensi. Akaanza nyingine. Ogola akangoja. Kamera ilikuwa inamtazama, watu wa ng'ambo walikuwa wanamtazama, mwili wa mwalimu wake wa zamani ulikuwa mbele yake. Askofu alifunua ukurasa, akatafuta mstari, akaupata, akausoma wote.

Ni Metrine aliyepiga kelele kutoka nyuma ya hema. "Ogola, mtoto anakufa!"

Ndipo alipompokonya askofu kipaza sauti. "Zimeni simu," akasema, na sauti haikuwa ya weita. "Zimeni zote. Mjukuu wangu." Mafundi wa kamera waliduwaa. Yeye mwenyewe aliinama akang'oa waya, na katika nchi za mbali wana wa marehemu wakabaki wakitazama giza.

Skrini ilifunguka mara moja. Milka alisimulia baadaye kwamba ilikuwa kama mtu ameondoa kitambaa. Daktari alitazama tumbo la Debra, akauliza maswali mawili matatu, akatoa maelekezo ya haraka, akasema waondoke sasa hivi. Boti ya wagonjwa iliyobeba damu ya kumwongezea ingekutana nao njiani. Walimlaza kwenye mtumbwi wa injini wa wavuvi, kichwa chake juu ya lile koti jeupe lililokunjwa. Ogola alimshika mkono.

"Kwaro," Debra akamwita babu yake, "nina kiu."

Alimpa maji kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo. Boti ya wagonjwa waliiona kwa mbali, ikija kwa kasi, na wavuvi wakainua mashati juu kuipungia. Ilipofika, mkono uliokuwa ndani ya mkono wa Ogola ulikuwa umekwisha kulegea.

Daktari alisema baadaye kwamba pengine wangewahi, na pengine wasingewahi, maana jambo lile huua haraka. Alilisema kwa huruma. Lakini hilo pengine la kwanza Ogola hawezi kulimeza wala kulitema. Analala nalo. Na zaidi ya hilo analala na ule mstari wa Biblia, ambao hataki kuusikia tena kanisani, kwa kuwa anajua urefu wake.

Walubengo alirudi baada ya mazishi ya mtoto. Milka ndiye aliyepeleka malalamiko, na shirika likataka mtandao upimwe upya. Alishuka kwenye boti kichwa chini, akampa Ogola pole, na wote wawili wakakosa pa kuweka macho. Ogola alimpa kiti. Hakukipangusa.

Injinia akafungua laptopu. Mistari ikanyooka. Aliitazama kwa muda, kisha akatoka mlangoni, akatazama kijiji. Kimya. Kinyozi amefunga, hakuna simu mkononi mwa mtu. Hapakuwa na aliyewaagiza safari hii. Walikuwa wamesikia injinia anakuja, na kwa huzuni yao na adabu yao, wakazima.

Ogola aliingia ndani akachukua kipaza sauti. Alikuwa amekonda, na kilionekana kizito kwake.

"Washeni," akasema, na sauti ikagonga kilima ikarudi. "Washeni zote. Ile mpira, ile filamu, piga simu Nairobi. Mtu asizime kitu. Aone vile tunaishi."

Watu walitazamana. Metrine ndiye aliyetangulia. Alitoa simu kifuani, akaiwasha, akakaa chini mbele ya zahanati akilia huku anafungua video. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kisha wote.

Ndani, mistari ya injinia ilianza kutetemeka, ikaanguka. Milka akaipiga simu ya skrini kama alivyoombwa. Duara likazunguka. Ogola alisimama akalitazama likizunguka, na Milka akageuza uso wake kando.

"Nimeona," Walubengo akasema. "Sasa nimeona. Mzee, ilifaa nije siku ya soko. Nilikuwa na haraka ya kurudi."

"Na mimi nilikudanganya," Ogola akajibu. "Endelea na kazi."

Chai ilikuwa imeletwa. Walubengo hakuigusa. Alibonyeza, akaandika, akasoma, akabonyeza tena, kisha akaondoa mikono yake na kukaa. Nje simu zote bado zilikuwa zinawaka. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Nimetenga njia ya zahanati. Wengine hata wakijaa namna gani, hii haiguswi."

Ogola aliiangalia laptopu, akaiangalia chai.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Mzee."

Ogola akaitikia kwa kichwa. Walubengo akamwomba Milka apige tena ili wahakikishe, naye akapiga. Duara halikuzunguka hata mara moja. Daktari alitokea pale pale, safi, mpaka kalamu ya mfukoni mwake ilionekana, na nyuma yake saa ya ukutani ikitembea vizuri. Alisogea karibu na kioo, tayari, kama mtu aliyezoea kuitwa kwa haraka.

"Naam, Sista, nawaona vizuri kabisa," akasema. "Mgonjwa yuko wapi?"

Kitanda kilichokuwa mbele ya kamera kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Ogola alisogea akasimama pale ambapo daktari angeweza kumwona, mikono yake ikining'inia kando.

"Hakuna mgonjwa, Daktari," akasema. "Tunapima tu."